Mvua ya Nyanda za Juu Kusini Hutoka Wapi? Ushahidi wa Isotopu za Mvuke na Mipaka Yake

Chimbuko la mkanganyiko

Mvua za Msimu, ambazo katika mikoa ya Mbeya na Iringa hutarajiwa kati ya Novemba na Aprili, zinapochelewa kuanza na mkulima akalazimika kungoja hadi Desemba ndipo apande mahindi, huzuka maelezo matatu yanayotolewa kwa uhakika ulio sawa ingawa hayalingani. Maelezo ya kwanza hudai kwamba mvua ni ya Bahari ya Hindi, hivyo binadamu wa nchi kavu hana la kufanya ila kusubiri. Ya pili hudai kwamba unyevu hutoka katika misitu ya Kongo, na kwamba misitu hiyo ikifyekwa ukame utafika Mbozi na Kilolo. Na ya tatu, ambayo ndiyo husikika zaidi kwenye mikutano ya hadhara na siku za upandaji miti, hudai kwamba miti ya hapa hapa ndiyo iletayo mvua, na kwamba iliyokatwa imeondoka nayo. Juu ya hayo, watu wale wale wanaohimizwa kupanda miti ili mvua irudi huagizwa kung'oa milingoti iliyo karibu na chemchemi kwa sababu inanyonya maji. Kauli hizo mbili za mwisho huonekana kupingana, lakini zinaweza kuwa za kweli kwa pamoja, mradi ijulikane kwamba maji yanayopandishwa na mti angani na maji yanayorudi ardhini kama mvua si lazima yaonekane mahali pamoja.

Majibu ya swali hili yana gharama kwa watu. Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya maji yake kutoka milima ya Poroto na Kipengere na kupita bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu kabla ya kuelekea mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, umekuwa ukikatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993. Kwa sababu hiyo wafugaji waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi mwaka 2008, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyokataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, ikawagusa moja kwa moja wakulima wa vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wa Iringa na Njombe. Katika mijadala iliyoambatana na hatua hizo, upungufu wa maji mtoni na upungufu wa mvua angani vilichanganywa mno, ilhali sababu zake zaweza kuwa tofauti kabisa: mto unaweza kukauka kwa sababu ya mifereji ya mpunga huku mvua ikinyesha kama kawaida.

Mbinu inayoweza kuyatenganisha madai haya ni uchunguzi wa isotopu za mvuke wa maji, yaani upimaji wa uwiano wa molekuli nzito na nyepesi za maji yaliyomo hewani. Mbinu hii inasifiwa sana, na wakati mwingine inasifiwa kupita uwezo wake.

Maji mazito na maji mepesi

Isotopu ni atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito kwa sababu ya idadi ya nyutroni zilizomo katika kiini. Karibu oksijeni yote ya duniani ni oksijeni-16, lakini katika kila atomu 10,000 takriban 20 ni oksijeni-18. Vivyo hivyo, katika kila atomu milioni moja za haidrojeni ya maji ya bahari, takriban 156 ni dutiriamu, ambayo ina uzito mara mbili ya haidrojeni ya kawaida. Molekuli yenye isotopu nzito huchelewa kuruka maji yanapogeuka mvuke, na huwahi kushuka mvuke unapogeuka tone. Katika joto la nyuzi 25, mvuke uliosawazika na maji huwa na upungufu wa takriban sehemu 9 kwa elfu za oksijeni-18 na zaidi ya sehemu 70 kwa elfu za dutiriamu ukilinganishwa na maji hayo. Vipimo huandikwa kama tofauti kwa elfu kutoka kwenye maji ya bahari yaliyowekwa kuwa kipimo cha rejea, kwa hiyo namba hasi humaanisha maji mepesi kuliko ya bahari.

Kutokana na tabia hiyo, wingu linaloshusha mvua njiani hupoteza kwanza sehemu yake nzito, na mvuke unaobaki huzidi kuwa mwepesi kadiri safari inavyoendelea na kadiri hewa inavyopanda mlima. Kwa wastani wa dunia, oksijeni-18 ya mvua hupungua kwa takriban sehemu 0.28 kwa elfu kwa kila mita 100 za kupanda. Mvuke unaotoka ufukwe wa Ziwa Nyasa huko Kyela, ulio chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kupanda hadi kilele cha Rungwe chenye karibu mita 2,960, ungetarajiwa basi kutoa mvua iliyo nyepesi kwa karibu sehemu 7 kwa elfu kuliko ya Kyela, na tofauti hiyo yote ingetokea ndani ya umbali ambao daladala huumaliza asubuhi moja. Mchambuzi asiyezingatia mwinuko angeweza kuyaona maji hayo mawili na kudhani yametoka bahari mbili.

Mwaka 1961 mwanakemia wa Marekani Harmon Craig, ambaye baadaye, mwaka 1973, aliongoza msafara wa utafiti katika Ziwa Tanganyika, alionyesha kwamba mvua ya karibu dunia nzima hufuata mstari mmoja: dutiriamu hubadilika mara nane ya oksijeni-18, kisha huongezwa kumi. Mdenmark Willi Dansgaard, mwaka 1964, aliigeuza kumi hiyo kuwa kipimo kinachojitegemea, ambacho kwa Kiswahili chaweza kuitwa ziada ya dutiriamu: ni dutiriamu ya sampuli ikitolewa mara nane ya oksijeni-18 yake. Faida ya kipimo hiki ni kwamba kushuka kwa mvua ya kawaida hakukibadilishi sana, ila mvukizo katika hewa kavu hukipandisha katika mvuke na kukishusha katika maji yanayobaki. Ziwa linalokaushwa na upepo hubaki na ziada ndogo, wakati mvuke wake huondoka na ziada kubwa.

Mimea nayo ina tabia ya pekee ambayo ndiyo kiini cha matumaini yote yaliyowekwa katika mbinu hii. Mizizi hunyonya maji ya udongoni bila kuchagua mazito na mepesi, na ingawa maji yaliyo ndani ya jani huwa mazito wakati wa jua kali, katika mtiririko wa siku nzima mvuke unaotoka kupitia majani hukaribia kulingana na maji yaliyonyonywa. Msitu, kwa hiyo, huirudisha angani mvua iliyonyesha pamoja na uzito wake, na hewa inayopita juu ya msitu mkubwa haiwi nyepesi kwa kasi ambayo ingetarajiwa.

Mvua ndani ya chupa, mvuke ndani ya mwanga

Kwa miongo mingi kilichopimwa ni mvua, si mvuke. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki kwa kushirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeendesha tangu mwaka 1961 mtandao wa vituo vinavyokusanya mvua ya kila mwezi kwa ajili ya vipimo vya isotopu. Kazi yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba mwangalizi yeyote wa kituo cha mvua aweza kuifanya: maji ya kipimamvua humiminwa kila asubuhi katika chupa yenye tabaka jembamba la mafuta ya parafini, au chupa yenye mpira mwembamba unaofika hadi chini, ili yasigeuke mvuke kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa chupa iliyoachwa wazi siku chache tu za jua la Oktoba hutoa maji mazito ya uongo. Dar es Salaam, Entebbe na Ndola ni miongoni mwa vituo vya mtandao huo, na Mbeya iko katikati ya pembetatu hiyo, mbali na kila kimoja.

Udhaifu wa mvua kama shahidi ni kwamba hutoa ushahidi siku inaponyesha tu. Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako kati ya Juni na Oktoba sehemu kubwa ya nchi haipati mvua ya maana, chupa hukaa tupu katika miezi ambayo swali la asili ya unyevu ndilo lenye uzito zaidi, yaani wiki za kuelekea mvua za kwanza. Aidha, tone hubadilika likianguka, kwa sababu hubadilishana molekuli na hewa ya chini ya wingu na hupungua kwa mvukizo pale hewa inapokuwa kavu. Mvuke hauna kasoro hizo: upo usiku na mchana, masika na kiangazi, juu ya ziwa na juu ya vumbi la Usangu.

Kuupima mvuke zamani kulihitaji kuugandisha katika mirija iliyopozwa mno na kuupeleka sampuli kwa sampuli maabara. Tangu miaka ya 2000 vimeenea vipimo vya leza, ambamo mwanga huingizwa katika chumba kidogo chenye vioo vinavyouakisi mara maelfu, hata ukasafiri kilomita kadhaa ndani ya chombo chenye ukubwa wa sanduku. Kila aina ya molekuli humeza rangi yake ya mwanga, na kasi ya mwanga huo kufifia huonyesha kiasi chake, kila baada ya sekunde chache. Kutoka angani, chombo cha TES kilichorushwa mwaka 2004 kilipima dutiriamu katika mvuke wa tabaka la kati la angahewa hadi mwaka 2018, na TROPOMI, kilichorushwa mwaka 2017, huipima katika safu nzima ya hewa kwa kutumia mwanga wa jua unaoakisiwa na ardhi.

Dai la kwanza: bahari ndiyo mama wa mvua

Nguvu ya dai hili ni pepo zenyewe. Kuanzia Novemba ukanda mvua, yaani eneo ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kulazimisha hewa kupanda, husogea kusini hadi juu ya Tanzania ya kusini, Zambia na Malawi. Kaskazi huleta unyevu wa Bahari ya Hindi, na hewa hiyo hulazimika kuzikwea kuta za Udzungwa na Mufindi kabla ya kufika Usangu. Mgawanyo wa mvua unaafiki: miteremko inayotazama unyevu hupata mvua nyingi na chai humea, ilhali nyuma ya milima, katika uwanda wa Mbarali, kiasi cha milimita 600 au 700 kwa mwaka ndicho cha kawaida. Ikiwa mvuke wote ungekuwa wa bahari, isotopu zingepaswa kushuka hatua kwa hatua kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, kwa kiasi kinacholingana na mvua iliyokwisha kudondoka njiani.

Hata hivyo dai hili lina matundu mawili. La kwanza ni kwamba Kusi huvuma kutoka bahari hiyo hiyo kati ya Juni na Septemba, na kinachopatikana ni ukungu wa Mufindi na manyunyu katika miteremko ya mashariki, si mvua ya kujaza mito. Kuwepo kwa unyevu, basi, hakutoshi bila nguvu ya kuupandisha, na watu wengi wanaojadili asili ya mvua husahau nusu hii ya jambo. La pili ni la isotopu zenyewe: katika tropiki mvua nyingi huwa nyepesi kwa sababu tu ni nyingi, jambo ambalo Dansgaard alilibainisha, kwa kuwa mawingu marefu ya ngurumo hushusha hewa nyepesi kutoka juu na kuirudisha tena katika mzunguko wao. Mvua nyepesi ya Januari mjini Mbeya si lazima iwe imetoka mbali. Yaweza kuwa mvua ya dhoruba kubwa tu.

Utata huu umewahi kuleta ubishi hapa hapa Tanzania. Lonnie Thompson na wenzake walipochapisha mwaka 2002 matokeo ya nguzo za barafu walizozitoboa Kilimanjaro mwaka 2000, zilizokadiriwa kubeba historia ya takriban miaka 11,700, wasomaji wa sayansi hiyo waligawanyika kuhusu maana ya kupanda na kushuka kwa oksijeni-18: je, ni joto, ni wingi wa mvua, au ni mabadiliko ya njia ya unyevu? Barafu ilikuwa imepimwa vizuri. Tatizo lilikuwa kwamba kipimo kimoja kilibeba sababu tatu.

Dai la pili: Kongo

Kwa kawaida pepo za Afrika Mashariki hutoka mashariki, lakini zipo siku ambazo hewa ya magharibi huvuka maziwa na kuingia Tanzania, na siku hizo mara nyingi huwa za mvua kubwa. Watafiti wameonyesha kwamba hali hiyo huambatana na kupita kwa mfumo mpana wa mawingu unaozunguka tropiki kwa mwezi mmoja au miwili, na pia na vimbunga vinavyokaa mashariki ya Madagascar, kama ilivyokuwa Machi 2018 wakati wa Dumazile na Eliakim. Mbeya, iliyo karibu na mpaka ambapo hewa ya Kongo na ya Bahari ya Hindi hukutana, ni miongoni mwa mahali ambapo jambo hili lina maana zaidi, na hapo ndipo nguvu ya dai la pili ilipo.

Lakini isotopu za hewa ya Kongo hazina alama moja. Kama hewa hiyo imenyesha mfululizo tangu Atlantiki, ingekuwa nyepesi mno. Kama imelishwa upya na majani ya msitu, ingekuwa nzito kuliko umbali wake unavyodai. Eneas Salati na wenzake walikutana na hali hii ya pili Amazon mwaka 1979, walipoona kwamba oksijeni-18 ya mvua hupungua kidogo sana kutoka pwani kwenda bara, wakahitimisha kwamba msitu hurejesha sehemu kubwa ya mvua angani. Kwa upande wetu wa dunia, mfano wa Addis Ababa ni onyo tosha: mvua ya mji huo ulio juu ya mita 2,300 ni nzito kwa namna isiyolingana na mwinuko wake, na wapo walioeleza hali hiyo kwa mvuke uliotoka upya katika vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini na misitu ya Kongo, na wapo walioieleza kwa mvuke wa Bahari ya Hindi unaonyesha kwa mara ya kwanza. Namba ni ile ile, maelezo yanaelekea pande mbili za bara.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa dai la Kongo hawalitaji. Ruud van der Ent na wenzake, waliofuatilia kwa hesabu mizunguko ya unyevu duniani mwaka 2010, walikadiria kwamba takriban asilimia 40 ya mvua ya nchi kavu hutokana na maji yaliyogeuka mvuke nchi kavu, na kwamba chanzo kikuu cha mvua ya bonde la Kongo ni mvuke wa Afrika Mashariki, hasa eneo la Maziwa Makuu. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, basi, Afrika Mashariki ndiyo inayolisha Kongo kuliko Kongo inavyoilisha. Hilo halifuti siku za pepo za magharibi, ila linabadilisha kabisa nani anapaswa kumwuliza mwenzake kuhusu misitu yake.

Dai la tatu: maziwa na miti ya hapa

Dai hili, likipanuliwa kuingiza mvuke wa maziwa ya hapa, lina sura mbili zinazopaswa kutenganishwa, kwa sababu maji ya wazi na majani huacha alama tofauti. Ziwa Nyasa, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 29,600, hupoteza sehemu kubwa zaidi ya maji yake kwa mvukizo, wala si kwa mto Shire. Tukuyu, iliyoko kaskazini yake chini ya Mlima Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na mvua zake huendelea kwa nguvu hadi Aprili na Mei, baada ya Usangu kuanza kukauka. Mvuke wa ziwa ungetambulika kwa ziada kubwa ya dutiriamu, na kwa kuwa Kyela, Tukuyu na Mbeya zimepangana katika ngazi moja kutoka ufukweni hadi mlimani, eneo hili ni karibu maabara ya asili ya kulipima jambo hilo.

Kwamba isotopu zaweza kujibu swali lenye mipaka Rungwe si nadharia. Ziwa Masoko, lililo ndani ya kasoko ya volkano chini ya Tukuyu, halina mto unaotoka, na mtu angedhani kwamba maji yake huisha kwa jua pekee. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba maji yake si mazito kama ya ziwa linalopungua kwa mvukizo tu, hivyo sehemu yake lazima itoke chini kwa chini. Hapo mbinu ilifanikiwa kwa sababu maji yalikuwa yamefungwa mahali pamoja na mlango mmoja tu haukujulikana. Angahewa ina milango mingi.

Sura ya pili, ya miti, ndiyo yenye mvuto kwa umma na ndiyo ngumu zaidi. Mvuke hukaa hewani kwa wastani wa siku nane hadi kumi kabla ya kunyesha, na upepo wa mita 5 kwa sekunde huusogeza kilomita 432 kwa siku. Kwa hesabu hiyo maji yaliyopumuliwa na msitu wa Sao Hill mwezi Julai, yakiwa yamebebwa na Kusi, yatakuwa yamepita Rukwa na kuingia Kongo kabla hayajapata nafasi ya kuwa mvua. Kijiji kinachopanda miti kwa nia ya kujinyeshea mvua kinajipa ahadi ambayo fizikia haiwezi kuilinda. Kadiri eneo linalozungumziwa linavyopanuka, hata hivyo, kutoka kijiji hadi wilaya na kutoka wilaya hadi ukanda wote wa miombo kuanzia Chunya hadi Zambia, ndivyo sehemu ya mvua inayotokana na mvuke wa eneo hilo hilo inavyokua.

Miombo ina jambo moja la kustaajabisha ambalo kila mwenyeji amelishuhudia bila kulihesabu kuwa ushahidi: huchipua majani mapya, mekundu kisha ya kijani, mwezi Septemba na Oktoba, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza, kwa maji yaliyohifadhiwa shinani na udongoni. Katika Amazon ya kusini, uchambuzi wa vipimo vya TES uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba dutiriamu ya mvuke hupanda kabla ya ukanda mvua kufika, dalili kwamba msitu wenyewe huilowesha hewa na kuanzisha msimu. Kama miombo hufanya hivyo kwa kiwango chochote, alama yake ingepaswa kuonekana katika mvuke wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, wala si katika mvua ya Januari, wakati bahari imekwisha kuzifunika alama nyingine zote.

Jaribio la Mbeya na swali lililobaki

Mjadala wa miti na maji Mbeya una kumbukumbu ambayo wengi hawaijui. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti walipima kwa miaka kadhaa vijito viwili vya safu ya milima ya Mbeya, kimoja kikiwa ndani ya msitu wa asili na kingine ndani ya mashamba ya wakulima wadogo, na matokeo yalichapishwa kati ya mwaka 1979 na 1981. Bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi, kwa sababu msitu uliyarudisha angani maji mengi kuliko mahindi, na kwa sababu udongo wa majivu ya volkano uliendelea kupitisha maji chini hata ulipolimwa. Matokeo hayo yalihusu mabonde madogo na udongo wa aina yake, na kuyachukua kama kibali cha kufyeka mlima wa udongo mwingine kungekuwa upotoshaji. Ila yanaweka bayana kwamba kijito hulipa gharama ya mvuke ambao msitu huupandisha.

Jaribio hilo lilipima upande mmoja wa daftari, upande wa maji yanayoondoka. Halikuweza kujua kama mvuke wa msitu hurudi katika milima hiyo hiyo, hunyesha Tabora, au huvuka mpaka, na hilo ndilo swali halisi ambalo isotopu za mvuke zinaweza kulikaribia.

Mizani ya mbinu

Mshindani mkuu wa isotopu ni hesabu za kompyuta zinazofuatilia hewa kurudi nyuma siku kwa siku, zikitumia takwimu za pepo na unyevu. Hesabu hizo hutoa anwani: kilomita ngapi, bahari ipi, wilaya ipi. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea takwimu ambazo, katika eneo lenye vituo vichache vya kurushia maputo ya hali ya hewa, kwa sehemu kubwa ni makadirio ya kompyuta nyingine, na kwamba hudhani mvuke huchanganyika vizuri katika tabaka za hewa, jambo lisilo la kweli juu ya nchi ya milima na mabonde ya ufa. Isotopu hazitoi anwani. Hutoa historia ya yaliyoyapata maji njiani, kama yamenyesha, yamepita katika jani au yameruka kutoka maji ya wazi. Mtu anayezitaka zitaje Kongo au Nyasa kwa jina anazibebesha kazi isiyo yake.

Hata katika kazi yake halisi, tahadhari inahitajika. Mwaka 2013 Scott Jasechko na wenzake walikadiria kwa isotopu za maziwa kwamba asilimia 80 hadi 90 ya mvuke wa nchi kavu hupita katika mimea. Mwaka uliofuata kundi jingine lilipitia hesabu hizo hizo kwa mipaka mipana zaidi ya takwimu likapata asilimia 35 hadi 80. Tofauti hiyo haikutoka kwenye mashine bali kwenye dhana zilizoingizwa kabla ya hesabu, na yeyote anayeletewa asilimia moja iliyonyooka kuhusu mchango wa misitu ya Iringa ana haki ya kuuliza dhana hizo ni zipi.

Gharama nayo inagawanya njia. Setilaiti hazimgharimu mtafiti wa Mbeya zaidi ya kompyuta na intaneti, lakini mawingu ya masika huziziba macho, na kwa kuwa hutoa dutiriamu bila oksijeni-18 iliyo sahihi, ziada ya dutiriamu haipatikani, hivyo majani na ziwa hayatenganishwi. Kipimo cha leza hutoa vyote viwili, ila kinataka umeme usiokatika, maji ya rejea ya kukirekebisha mara kwa mara, na fundi wa kukaa nacho. Kikikosa urekebishaji, namba zake hupotoka unyevu unapopungua, yaani katika miezi ile ile ya kiangazi iliyo muhimu. Chupa ya mvua ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo isiyoweza kujibu swali la Oktoba.

Kwa kupima yote hayo, dai la bahari ndilo lenye uzito mkubwa kwa kilele cha msimu, dai la Kongo lina nafasi katika siku chache zenye mvua kubwa, na dai la mvuke wa nchi kavu linastahili kuchukuliwa kwa uzito katika mwanzo wa msimu na katika kingo za Ziwa Nyasa. Mpango wenye faida kubwa kwa gharama ndogo ungekuwa wa chupa za mvua katika ngazi ya Kyela, Tukuyu, Mbeya na Mbarali mwaka mzima, kipimo kimoja cha leza kilichowekwa kwenye mvuke kati ya Septemba na Desemba, na hesabu za njia za hewa kwa kila siku iliyopimwa, ili kila mbinu izibe pengo la mwenzake. Misitu ya Mufindi na Rungwe, kwa upande wake, haihitaji kusubiri matokeo hayo ili ilindwe, kwa kuwa hoja ya kushika udongo, kukamata ukungu na kuhifadhi viumbe inajitegemea. Kuifunga hifadhi yake kwenye ahadi ya mvua ya kijiji ni kuiweka mahali ambapo kiangazi kimoja kibaya chaweza kuwafanya watu waliopanda miti kwa bidii waamini kwamba walidanganywa.